Timu Inaboronga: Kocha Atimuliwe au Aachwe? Maswali Sita Kabla Hujapiga Kelele



Kila msimu ni yale yale. Timu ikifungwa mechi tatu mfululizo, kijiwe kizima kinageuka kamati ya utendaji. Muuza kahawa anapanga kikosi, dereva wa bodaboda anataja kocha mpya, na wote wanakubaliana jambo moja tu: kocha aliyepo atimuliwe, tena leo leo.

Na mimi sijitoi humo. Usiku wa tarehe 19 Desemba 2020 nilikuwa kibanda umiza, nimelipa kiingilio changu, nimebanana na wenzangu kwenye benchi la mbao kuangalia Arsenal wakifungwa 2-1 na Everton. Mpira ulipoisha nikasimama nikatangaza kwa sauti kwamba Mikel Arteta asipofukuzwa kabla ya Krismasi, mimi nahama timu. Jamaa mmoja wa Man U akanicheka: "Kaka, mwaka jana mlimfukuza Mhispania, mwaka huu mnataka kumfukuza Mhispania. Mtawamaliza!"

Arteta hakufukuzwa, na mimi sikuhama. Lakini lile swali halikuniacha. Tangu siku ile nimekuwa nikifuatilia: klabu zilizofukuza zikapona, zilizofukuza zikazama, zilizovumilia zikafaulu na zilizovumilia mpaka zikazikwa. Leo nayaweka yote hapa pamoja, ili siku timu yako ikiboronga uwe na pa kuanzia zaidi ya hasira. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama dakika zako zimebaki tano, ongeza nusu saa au uiprinti ukasome nyumbani.

MECHI SABA, MAAMUZI MAWILI

Tuanze na Arsenal yenyewe, maana ndani ya miezi kumi na tatu ilikutana na swali hili mara mbili.

Mara ya kwanza ni Novemba 2019, kocha akiwa Unai Emery. Timu ilicheza mechi saba za mashindano yote bila kushinda, ya mwisho ikiwa kipigo cha 2-1 nyumbani kutoka kwa Eintracht Frankfurt kwenye Europa League. Kesho yake, tarehe 29, kibarua kikaota nyasi.

Mara ya pili ni hiyo Desemba 2020, kocha akiwa Arteta. Mechi saba za ligi bila ushindi. Timu imecheza mechi 14, ina pointi 14 na magoli 12 tu, iko nafasi ya 15. Safari hii uongozi ukagoma kufukuza.

Nini kilifuata? Tarehe 26 Desemba 2020 Arteta akawaanzisha vijana kina Bukayo Saka na Emile Smith Rowe, wakaipiga Chelsea 3-1. Msimu ukaisha wakiwa wa 8. Msimu uliofuata ukaanza kwa vipigo vitatu mfululizo, cha tatu kikiwa 5-0 kutoka kwa Manchester City. Timu iko mkiani kabisa, na bado hakufukuzwa. Wakamaliza wa 5. Kisha wakashika nafasi ya 2 mara tatu mfululizo: 2023, 2024 na 2025.

Na Emery je? Alikwenda Villarreal akabeba Europa League mwaka 2021, tena njiani akiitoa Arsenal hiyo hiyo kwenye nusu fainali. Baadaye akaibukia Aston Villa, nitamrudia huko chini.

Sasa angalieni vizuri. Klabu ile ile, mechi saba hapa, mechi saba pale, maamuzi mawili tofauti, na kwa maoni yangu yote mawili yalikuwa sawa. Hilo ndilo lililonifungua macho. Idadi ya mechi ulizofungwa ni kama homa. Homa inakuambia unaumwa, haikuambii ni malaria au taifodi. Ukimeza dawa ya malaria na kumbe una taifodi, dawa inaisha, ugonjwa unabaki. Kumfukuza kocha ni dawa ya ugonjwa mmoja tu, ule unaotokana na kocha.

KWANINI ANAFUKUZWA KOCHA NA SIO WACHEZAJI?

Jibu ni rahisi. Wachezaji ni zaidi ya ishirini, wana mikataba, na huwezi kusajili wengine mpaka dirisha lifunguliwe. Mwenye klabu hawezi kujifukuza mwenyewe. Aliyefanya usajili wa hovyo mara nyingi ndiye anayepiga kura ya nani aondoke, na hutegemei ajipigie kura yeye. Anabaki mtu mmoja ambaye anaweza kuondolewa Jumatatu na mwingine akaanza kazi Jumanne. Huyo ni kocha.

Kwa hiyo mara nyingine kocha anafukuzwa kwa sababu ndiye anayefukuzika, hata kama kosa si lake. Halafu mashabiki tunatulia wiki mbili, na uongozi unapata wiki mbili za kupumua. Usisahau hilo siku ukisoma taarifa ya "tumefikia makubaliano ya pande zote mbili".

ULE MOTO WA KOCHA MPYA

Wengi watabisha: "Mbona kocha mpya akija timu inaanza kushinda?" Ni kweli, mara nyingi inaanza kushinda. Lakini tafakari kidogo. Kocha anafukuzwa lini? Anafukuzwa timu ikiwa katika hali mbaya kuliko kawaida yake. Timu ambayo kwa uwezo wake ni ya 8, ikishuka hadi nafasi ya 15, ina uwezekano mkubwa wa kupanda kuliko kuendelea kushuka, awe kocha mpya au yule yule. Majeruhi wanarudi, ratiba inalegea, mipira iliyokuwa inagonga mwamba inaanza kuingia.

Mchumi mmoja wa Uholanzi, Bas ter Weel, alilichunguza jambo hili kwa kutumia ligi kuu ya kwao, kuanzia 1986 hadi 2004. Alichukua klabu zilizofukuza makocha, akazilinganisha na klabu zilizoporomoka vivyo hivyo lakini zikawabakiza makocha wao. Utafiti wake, uliotoka mwaka 2011, ulionyesha kwamba makundi yote mawili yaliinuka kwa namna inayofanana. Yaani sifa nyingi anazopewa kocha mpya ni za msimamo kurudi mahali pake tu.

Mfano ulio hai ni Ole Gunnar Solskjaer. Manchester United walimtimua Jose Mourinho tarehe 18 Desemba 2018, Ole akaja kushikilia kwa muda. Akashinda mechi nane za kwanza, na katika 19 za kwanza akashinda 14, ikiwemo ile ya Paris ya kuwatoa PSG. Tarehe 28 Machi 2019 akapewa mkataba wa kudumu. Katika mechi kumi zilizofuata mpaka msimu unaisha, akashinda mbili tu. Moto ulishazimika, na mkataba ulishasainiwa. Alidumu mpaka Novemba 2021, akaondoka baada ya kupigwa 4-1 na Watford.

Sisemi kwamba kocha mpya hafanyi kitu. Nasema usihesabu mechi tano za kwanza ukaita ushahidi.

Haya, sasa tuje kwenye maswali yenyewe.

SWALI LA 1: UGONJWA NI WA NANI?

Kabla ya kumtaja kocha, orodhesha kila kitu kingine. Mshambuliaji wako yuko nje kwa goti? Mishahara imelipwa? Usajili aliomba kocha au alipangiwa? Timu imesafiri kwa basi usiku kucha ikashushwa uwanjani asubuhi? Kama majibu mengi yanaelekea kwa uongozi, basi kocha mpya ataukuta ugonjwa ule ule mlangoni unamsubiri.

Man U ni darasa zima hapa. Tangu Sir Alex Ferguson astaafu mwaka 2013, David Moyes aliondolewa Aprili 2014 akiwa hajamaliza hata mwaka katika mkataba wa miaka sita. Louis van Gaal aliondolewa Mei 2016, siku mbili baada ya kubeba Kombe la FA. Akaja Mourinho, kisha Solskjaer, kisha Ralf Rangnick wa muda, kisha Erik ten Hag. Kisha Ruben Amorim, ambaye msimu wa 2024/25 ulimalizika akiwa na timu nafasi ya 15, pointi 42. Makocha wa kila aina wamepita hapo: wa ulinzi, wa pasi, wa nidhamu, wa kutabasamu. Ukibadilisha dereva mara zote hizo na gari bado linavuta upande mmoja, hebu kagua na matairi.

Swali hili nitalirudia mwisho, maana hapa ndipo mimi mwenyewe nilipochemsha vibaya.

SWALI LA 2: TIMU INACHEZA VIBAYA AU INAPATA MATOKEO MABAYA?

Ni vitu viwili tofauti. Kuna timu inatengeneza nafasi kumi, inakosa zote, halafu inafungwa kwa kona moja. Hiyo ina matokeo mabaya. Kuna nyingine haipigi hata shuti, kila mpira unapigwa mbele bila mpango, na goli inafungwa lile lile wiki baada ya wiki. Hiyo inacheza vibaya.

Namna ya kupima bila kompyuta: sahau matokeo, angalia mechi nne nzima. Je, unaona kitu wanachojaribu kufanya, hata kama hakikamiliki? Kosa la wiki jana wiki hii limepungua? Vijana wanakua au wanadumaa? Ukiona mpango, ngoja. Usipoona mpango baada ya miezi kadhaa ya mazoezi, hapo mimi mwenyewe nitakusaidia kupiga kelele.

SWALI LA 3: WACHEZAJI BADO WANAMSIKILIZA?

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na bahati mbaya sisi wa nje tunaliona kwa mbali tu. Lakini dalili zipo. Timu ikifungwa goli moja, inapigana au inainamisha vichwa? Mchezaji akitolewa anampa kocha mkono au anapita kama hamjui?

Mfano wa kuvumilia ni Ferguson. Msimu wa 1989/90 alipigwa 5-1 na Manchester City, akafika Januari 1990 akiwa amekaa mechi nane za ligi bila ushindi. Tarehe 7 Januari akaenda Nottingham Forest kwenye Kombe la FA, watu wakiwa wameshamchimbia kaburi. Goli la kijana Mark Robins likampa ushindi wa 1-0, na Mei wakabeba kombe lenyewe. Kwenye ligi msimu ule walimaliza wa 13! Ubingwa wa kwanza wa ligi ukaja mwaka 1993, na alipostaafu alikuwa nao 13.

Lakini tahadhari jamani: kila kocha anayeboronga siku hizi mashabiki wake wanamtaja Ferguson. Kwa Ferguson mmoja kuna makocha wengi waliovumiliwa wasifike popote. Uvumilivu nao ni dawa, na dawa ina mgonjwa wake. Ferguson alivumiliwa huku akijenga timu ya vijana na kusafisha nidhamu, vitu ambavyo uongozi ulikuwa unaviona hata siku ambazo msimamo haukuvionyesha. Arteta naye alikuwa anaondoa wachezaji wakubwa waliokaa kwa mazoea. Mesut Ozil aliondoka Januari 2021, na Pierre-Emerick Aubameyang alivuliwa unahodha Desemba 2021. Ukiulizwa "tunamvumilia kwa lipi?" lazima uwe na jibu la kuonyesha kwa kidole.

SWALI LA 4: ANAKUJA NANI?

Kijiweni swali hili huwa halina jibu. "Aondoke kwanza, mengine baadaye." Hapana, bwana. Ukifukuza bila kujua anayekuja, umefungua mlango wa nyumba usiku na hujui nani ataingia.

Villa walijua. Oktoba 2022 walimtimua Steven Gerrard wakiwa nafasi ya 17. Ndani ya siku chache wakamchukua Emery, yule yule aliyefukuzwa Arsenal. Msimu ukaisha wakiwa wa 7, na msimu uliofuata wakawa wa 4, wakaingia Ligi ya Mabingwa Ulaya. Hapo kufukuza kulilipa, tena sana.

Chelsea nao wana historia ya kufukuza wakabeba. Machi 2012 walimwondoa Andre Villas-Boas, Roberto Di Matteo akashika timu, na Mei wakaitoa Bayern kwa penati mjini Munich wakawa mabingwa wa Ulaya. Januari 2021 wakamwondoa Frank Lampard, akaja Thomas Tuchel, na Mei wakabeba tena mbele ya Manchester City, 1-0. Basi wakaona dawa ndiyo hiyo. Septemba 2022 wakamfukuza Tuchel, Aprili 2023 wakamfukuza Graham Potter, wakamrudisha Lampard kwa muda. Wakamaliza nafasi ya 12. Dawa ile ile, klabu ile ile, ila safari hii haikuwa inatibu kitu.

Na Watford? Msimu wa 2019/20 walianza na Javi Gracia, wakamleta Quique Sanchez Flores, wakamleta Nigel Pearson, wakamfukuza naye zikiwa zimebaki mechi mbili. Wakashuka daraja.

SWALI LA 5: UMEBAKI MUDA GANI?

Kufukuza mapema kunaonekana ukatili, kufukuza kwa kuchelewa kunaonekana utu. Kwenye msimamo mara nyingi ni kinyume.

Crystal Palace, Septemba 2017, walimtimua Frank de Boer baada ya mechi nne tu za ligi. Nne zote kafungwa, goli hana hata moja. Dunia ikacheka. Roy Hodgson akaja, akafungwa tatu za kwanza, halafu akaipiga Chelsea 2-1. Msimu ukaisha Palace wakiwa wa 11. De Boer alitaka mpira ambao wachezaji wale hawakusajiliwa kuucheza, na uongozi ukakubali mapema kwamba umekosea kuchagua.

Sasa linganisha na Leicester. Msimu wa 2022/23 walikaa na Brendan Rodgers mpaka tarehe 2 Aprili, timu ikiwa tayari kwenye mstari wa kushuka. Dean Smith akakabidhiwa mechi nane za mwisho. Wakashuka, miaka saba tu baada ya kuwa mabingwa wa Uingereza. Burnley nao Aprili 2022 walimfukuza Sean Dyche, aliyekaa karibu miaka kumi, zikiwa zimebaki mechi nane. Wakashuka vilevile.

Kanuni yangu ni hii: kama umeshajua moyoni kwamba utamfukuza, fanya wakati kocha mpya bado ana dirisha la usajili mbele yake, au walau wiki za mazoezi. Mechi nane hazitoshi kufundisha timu kitu kipya wakati kila pointi ni ya kufa na kupona.

SWALI LA 6: NANI ANALIPA?

Mkataba ni mkataba. Kumwondoa Mourinho na wasaidizi wake kuliwagharimu Man U pauni milioni 19.6, kwa mujibu wa hesabu zao wenyewe. Ten Hag, aliyeongezewa mkataba Julai 2024 halafu akafukuzwa Oktoba mwaka huo huo, akawagharimu na watu wake pauni milioni 10.4. Soma tena: kaongezewa Julai, kafukuzwa Oktoba. Hiyo bili ni ya waliosaini, kocha hakujisainia mwenyewe.

Kwa klabu kubwa ya Ulaya hiyo ni hela ya kuumia lakini inavumilika. Kwa klabu zetu ni balaa. Kocha asiyelipwa chake anaenda FIFA, na FIFA inaweza kuizuia klabu kusajili mpaka ilipe. Unafukuza kocha Novemba ili uokoe msimu huu, unakuja kukosa usajili wa msimu ujao.

TUKIRUDI NYUMBANI

Mnajua ninakokwenda. Tarehe 5 Novemba 2023, Simba 1, Yanga 5. Sihitaji kuongeza maelezo, wana Msimbazi naomba mnisamehe kwa kutonesha kidonda. Siku mbili baadaye Robertinho hakuwa kocha tena.

Lakini rudisha mkanda nyuma. Agosti 2023 Robertinho huyo huyo aliifunga Yanga kwa penati pale Tanga akabeba Ngao ya Jamii. Oktoba alitoka sare mara mbili na Al Ahly kwenye African Football League, 2-2 Dar es Salaam na 1-1 Cairo, akatolewa kwa magoli ya ugenini tu. Wiki mbili baadaye hafai?

Mwenye kumtetea ana hoja, na mwenye kumfukuza ana hoja pia, maana tano za mtani si kipigo cha kawaida, kinavunja chumba kizima cha kubadilishia nguo. Mimi naangalia kilichofuata. Akaja Abdelhak Benchikha, akaondoka Aprili 2024 msimu haujaisha, Juma Mgunda akamalizia. Simba wakawa wa 3, nyuma ya Yanga na Azam, na Ligi ya Mabingwa Afrika wakaikosa. Nafuu ilikuja msimu uliofuata. Fadlu Davids alipoingia Julai 2024, klabu ilibadilisha na sehemu kubwa ya wachezaji, na Mei 2025 Simba wakacheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Walitibu benchi na kikosi kwa pamoja. Novemba 2023 walitibu benchi peke yake.

HAPA NDIPO MIMI NILIPOCHEMSHA

Nilisema nitalirudia swali la kwanza. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katibu wa timu ya mtaa wetu, ligi ya wilaya. Kocha wetu mchana alikuwa fundi seremala, jioni anafundisha bure. Tukafungwa mechi tano mfululizo. Kamati ikakaa kwenye baraza la nyumba ya mwenyekiti, tukapiga kura, sita kwa moja. Barua ya kumshukuru kwa huduma yake niliichapa mimi mwenyewe intaneti kafe. Alipoipokea aliisoma yote, akaikunja, akaniuliza kitu kimoja tu: "Vijana nani atawaangalia?" Nikamwambia kocha mpya yupo, asijali.

Kocha mpya akashinda mechi ya kwanza 2-0. Tukamnunulia soda, tukapiga picha. Zilizofuata nne akafungwa zote. Ndipo golikipa wetu akanifuata pembeni akaniambia, "Katibu, sisi tunakuja mazoezini hatujala tangu asubuhi. Posho mlizotuahidi miezi miwili hatujaziona. Mzee alikuwa anatununulia chai na chapati kwa hela yake. Alivyoondoka, na chai ikaondoka."

Hela ya posho ilikuwepo. Tulinunulia jezi mpya, seti mbili, na mimi ndiye niliyeandika kwenye daftari. Tulishuka daraja tukiwa tumependeza.

Yule mzee bado tunaonana. Kanitengenezea kitanda mwaka juzi, bei nzuri, na neno kuhusu mpira hakuligusa. Ningependa angenitukana.

KWA HIYO JIBU NI NINI?

Kwa wale wavivu wa kusoma mlioshuka moja kwa moja mpaka hapa, nafupisha.

Mfukuze kama: mpango hauonekani baada ya muda wa kutosha, wachezaji wameacha kumsikiliza, anayekuja anajulikana, na muda wa kumsaidia huyo mpya upo. Yakitimia yote manne, usisubiri, kuchelewa ni kushuka daraja polepole.

Mwache kama: mpango unaonekana, vijana wanakua, matokeo yanaharibiwa na majeruhi au usajili, na huna jina mkononi zaidi ya "yeyote yule". Msimamo utakusumbua miezi mitatu minne, vumilia.

Na kama huwezi kujibu swali la kwanza, usimguse mtu. Kwanza fungua daftari la posho.

Mimi naomba kuwasilisha. Wana Arsenal wenzangu, mliosimama nami kibanda umiza usiku ule msijifiche. Na wewe unayetaka kocha wa timu yako aondoke wiki hii, usiandike tu "hafai", pitia maswali sita useme amefeli lipi, halafu utaje anayekuja.